Wino Kwenye Kidole cha Mwalimu

Mwalimu alikuwa akijipaka wino mwenyewe. Hapa Birmingham ukishapiga kura unatoka ulivyoingia, hakuna anayekugusa kidole, na jambo hilo lilimuudhi kuliko baridi. "Kura gani hii isiyoacha alama?" alikuwa akiuliza, tena kwa sauti, pale pale kwenye lango la shule ya msingi wanayoigeuza kituo cha kupigia kura. "Mtu akitaka kujua kama umetimiza wajibu wako ataangalia nini, viatu?" Basi akifika nyumbani alivunja kalamu ya wino wa buluu, akachovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto mpaka kwenye kucha, akakaa nacho juu hadi kikauke. Kesho yake utamkuta Lozells Road ananunua mihogo, na hela anazitoa kwa mkono wa kushoto, yeye mtu wa adabu zake, ili tu kidole kionekane.

Tulikuwa majirani wa nyumba tatu zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Yeye upande wa kituo cha basi, mimi katikati, na upande wa pili Abdi na mkewe Hodan na watoto wao. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Morogoro, nalea wazee kwenye nyumba ya wazee kule Erdington, zamu za mchana na za usiku. Yeye alikuwa Mkenya, alifundisha historia na uraia huko Voi mpaka akastaafu, akaja huku na mkewe kumfuata binti yao muuguzi. Jina lake nalijua. Silitaji, maana angeniuliza nimelitaja kwa ruhusa ya nani. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu, hata Wapakistani wa dukani.

Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi ilimshtua. Angekaa kidogo, akatafuta, halafu: "Ee, marahaba, marahaba." Baadaye akaniambia wao kule hawana mazoea hayo, wanasalimiana tu habari ya asubuhi, lakini nisiache, kwa sababu inamfanya asimame wima. Na kweli alikuwa akisimama wima. Alivaa koti la suti hata kutoa taka.

Alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote, nalo ni Jumuiya ya Madola. Wiki niliyohamia, sijafungua hata mabegi, alinigongea mlango. "Wewe Mtanzania, umejiandikisha?" Nikadhani anasema mambo ya daktari. "Kupiga kura!" Akanieleza mlangoni hapo hapo, kidole juu, kwamba sheria ya hapa inasema raia wa nchi ya Madola mwenye ruhusa halali ya kuishi anapiga kura kama mwenyeji. Diwani, mbunge, yote. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mjamaika. "Na pasipoti yao huihitaji. Hii hii yako ya kwenu." Nikamwambia, Mwalimu, mimi nimekuja kutafuta riziki, mambo ya kuchagua wakubwa wa Kizungu siyawezi. Alinikazia macho hadi nikaona aibu, na nikajiandikisha. Mtaani kwetu nusu ya watu walioingia kwenye daftari la wapiga kura ni yeye aliyewaingiza, kwa kugonga milango tu.

Siku ya kura alibeba pasipoti yake ya Kenya. Karani angemwambia kwa upole kwamba haihitajiki, ataje jina na anuani basi. Mwalimu angeifungua hata hivyo na kuiweka mezani, ukurasa wa picha. "Sikupi kwa sababu umeomba," angemwambia. "Nakupa ili ujue ni nani amekuja."

Na neno lake lilikuwa moja: kura ni siri. Usithubutu kumuuliza. Kwenye mikutano yetu ya Jumamosi, sisi watu wa Afrika Mashariki, ukumbini, mtu akianza kujitapa kampigia nani, Mwalimu alikuwa akigonga meza na funguo. "Bwana, ficha! Hiyo ni nguo ya ndani!" Tulicheka mpaka machozi. Mkewe, mama mmoja mpole aliyekuwa anasuka vikapu vya nailoni, aliniambia wameishi pamoja maisha yote na hajui mumewe alimchagua nani hata mara moja. Aliona fahari kusema hivyo.

Sasa kichekesho, au msiba, sijui niuite nini, ni kwamba kwao hakuweza kupiga. Katiba mpya ya Kenya iliwaahidi wananchi walio nje kwamba nao watapiga kura, lakini hatua kwa hatua. Tume ya uchaguzi ikaanza na nchi za jirani, walioko Uganda na kwetu Tanzania na kwingineko Afrika, wakapata vituo. Waliokuwa Uingereza wakaambiwa wangoje. Mwalimu akang'aka. Alipanda basi mpaka London, ubalozini, na hotuba yake mfukoni, si mara moja. Alirudi kila safari na jibu lile lile, hatua kwa hatua. "Nchi ya Malkia inaniruhusu nimchagulie diwani wake wa takataka," alisema. "Nchi yangu inaniambia nikae foleni. Nikifa leo maiti yangu itapokelewa Nairobi bila swali. Mimi mzima ndiye mwenye maswali?"

Kuchukua uraia wa hapa hakutaka. Katiba hiyo hiyo ilimruhusu kuwa nao wote wawili, binti yake akamsihi, akakataa. Sisi Watanzania hatuna hata la kubishania: ukichukua wa kwao umeacha wa kwetu, na kura unaipiga ulikojiandikisha, nyumbani, basi. Mwalimu alituonea huruma sana, huruma yenye majivuno kidogo.

Abdi ndiye aliyekuwa anambishia. Abdi ni Msomali wa Kenya, amezaliwa Garissa, akakulia Eastleigh, akaenda Uholanzi kwa mjomba wake akiwa kijana na huko ndiko alikopata karatasi zake, akaacha za Kenya. Huku anatengeneza mashine za kufulia na majokofu, gari lake limejaa mabomba. Akiongea Kiswahili unasikia Nairobi tupu. Siku moja ukumbini alimwambia, "Mwalimu, hebu nikuulize. Wewe uko Lozells. Ukichagua mtu mbaya kule Voi, hiyo barabara mbaya nani atapita? Si wewe."

"Shemeji yangu atapita," Mwalimu akajibu. "Dada ya mke wangu. Na mimi nitaisikia kwa sauti yake kwenye simu."

"Kusikia si kupita, Mzee."

"Unaniambia mimi niliye mbali sina haki ya kuamua mambo ya mwenye kukaa?"

"Nakuuliza tu, wallahi."

Watu walipiga makofi, wengine kwa Mwalimu, wengine kwa Abdi. Mimi nilikuwa nagawa chai na sikulitia maanani. Nimelikumbuka baadaye mara nyingi.

Naye Abdi, mlango wake uligongwa kama ya kwetu. Umejiandikisha? Abdi akaangua kicheko. "Mwalimu, mimi si wa Madola. Mimi Mholanzi." Basi Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ukuta wangu. Mholanzi wa Garissa! Hakumwita Abdi tena, akawa Mholanzi. Mholanzi habari ya asubuhi, Mholanzi mashine yangu inavuja. Hodan naye akawa Mama Holland. Ukweli ni kwamba kisheria utani ule ulikuwa kweli tupu. Mtu wa pasipoti ya Ulaya alimchagua diwani tu hapa, bunge la hapa hapana, na ile kura kubwa ya maoni ya kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya hakuruhusiwa kabisa. Mwalimu alilijua hilo kichwani, alilifundisha hata. Lakini kwa Abdi alilijua kama utani.

Mwaka mmoja kabla ya kura hiyo mke wa Mwalimu alifariki. Tuliomba viza ili dada yake aje kumzika. Wakamnyima. Walisema hawajaridhika kwamba atarudi kwao. Mama mwenye shamba na wajukuu na kwaya ya kanisa, asirudi kwao aende wapi? Mwalimu aliuzuia mwili kwenye chumba cha maiti akingoja rufaa, wiki zikapita, binti yake akamwambia baba, basi. Tukazika bila dada. Kaburini Mwalimu alishika simu juu ili shemeji yake asikie udongo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sitasahau mkono ule.

Tangu hapo aliwatazama watu wa Ulaya kwa jicho jingine. Vijana wa Kipolandi waliokuwa wanashuka kwenye basi na mabegi yao hawajaulizwa kitu, aliwafuata kwa macho mpaka wakakata kona. Halafu Jumamosi moja akaja ukumbini bwana mmoja mwenye tai, mtu wa kampeni ya kutoka, akasema maneno matamu. Wa Ulaya wakipungua, alisema, nafasi zitarudi kwenu watu wa Madola, mama zenu na dada zenu watakuja. Nilimwona Mwalimu anaitikia kwa kichwa. Abdi hakuwepo, alikuwa kazini.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Ramadhani. Mimi nilitoka zamu asubuhi, nimefunga, miguu imevimba. Nilimsikia anagonga. "Mtanzania! Twende!" Nikajifunika blanketi. Akagonga tena, akaniita kwa jina langu kabisa, na mimi nikazuia hata pumzi. Nilisikia viatu vyake vinaondoka taratibu upande wa shule.

Jioni ile Hodan alitoa sahani zake. Ndiyo desturi yake: Ramadhani nzima, kabla ya adhana ya magharibi, anapeleka sahani iliyofunikwa kwa kila jirani, Mwislamu asiwe Mwislamu, na sahani hairudi kwake tupu, utaweka chochote ulicho nacho, hata ndizi mbili. Nilimkuta Mwalimu kibarazani kwake anakula sambusa za Hodan, kidole cha buluu kimetokeza pembeni ya sambusa, anasifu. "Huyu Mholanzi ameoa!" aliniambia. Alikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona tangu mazishi.

Asubuhi matokeo yakawa yametoka. Kutoka. Hata mji wetu wenyewe uliegemea kutoka, kwa tofauti ndogo. Nilikuwa jikoni nasikiliza redio, mlango wa nyuma ukafunguka, Mwalimu akaingia bila koti. Mkononi ana kipande cha limau na kitambaa kinachonuka dawa ya choo. Kidole kimekuwa chekundu, lakini ubuluu haujatoka kwenye kucha.

"Mtanzania," akasema. "Abdi ana pasipoti gani?"

"Mwalimu, si unajua? Ya Holland."

"Najua. Niambie tena."

"Ya Holland."

Akakaa. Akasugua. "Niliwaona wote," akasema, "wale wa kwenye basi, yule aliyemkatalia shemeji, wote niliwaona. Abdi hakuwemo. Abdi ni mtu wetu. Nilimsahau kabisa, unaelewa? Niliweka alama yangu, nikarudi, nikala chakula chake." Halafu akasema aliweka wapi, kwa kinywa chake, yeye ambaye hakumwambia hata marehemu. Mimi nilitamani kuziba masikio.

Akaniuliza, "Na wewe uliweka wapi?"

Nikasema sikwenda.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Mimi ningeweka pa kubaki, kwa ajili ya Abdi na Hodan, sina shaka hata kidogo, na kura yangu na yake zingeuana zikaisha. Badala yake nilikuwa chini ya blanketi nimebana pumzi. Hilo ni langu, sitamtwisha Mwalimu.

"Usimwambie," akasema akiondoka. "Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Aliyeweza kumwambia balozi wa serikali yake kwamba amechelewa kazini, alishindwa kuvuka nyumba moja. Alijaribu, hilo nishuhudie. Alirudisha sahani ya Hodan imejaa mihogo ya kukaanga, akakaa sebuleni kwao mpaka chai ikapoa, wakaongea mpira. Alienda tena, wakaongea mpira. Mara moja aliamua kusema mashine yake ya kufulia ni mbovu ili Abdi aje, wawe wawili tu, aseme. Mashine ilikuwa nzima. Basi akasukumiza soksi ndani ya bomba la kutolea maji. Abdi akaja na vifaa vyake, akapiga goti, akachokonoa, akatengeneza, akakataa malipo, akaondoka. Mwalimu akaja kwangu kuniambia imeshindikana. "Alikuwa amelala chini pale," akasema, "shati limepanda, mgongo wazi. Unamwambiaje mtu neno kama hilo akiwa amelala chini?"

Alichoweza ni pipa. Mtaani kwetu taka zinachukuliwa mapema, mapipa yatolewe ukingoni mwa barabara. Kila wiki, kabla Abdi hajaamka, nilisikia magurudumu. Nikichungulia dirishani namwona Mwalimu na koti lake la suti, analivuta pipa la Abdi kupita mbele ya mlango wangu, polepole, lisipige kelele, analipanga sawa na lake. Likishamwagwa analirudisha. Mvua, theluji, kifua kinambana, yeye na pipa. Nilimwambia siku moja, Mwalimu, utaanguka. Akaniambia nirudi ndani.

Na wakati huo nyumba ya Abdi ilikuwa imeanza kusema Rotterdam, kurudi Uholanzi. Hodan alikuwa haogopi kitu mwanamke yule, lakini sasa alikuwa anauliza maswali. Shuleni mtoto wake aliambiwa arudi kwao, naye hajui kwao ni wapi kati ya kote huko. Watoto wanasikia Kiswahili na Kisomali, wanajibu Kiingereza, na Kiholanzi hawana hata neno. Abdi alisema mambo yatatulia, wataomba vibali, wengi watapewa. Hodan alisema yeye hakuja huku kuomba. Kila neno la Rotterdam lililopita ukutani lilipita kwangu, na nilijua likifika kwa Mwalimu linafika wapi. Nilikuwa namkwepa mtu wa kulia na mtu wa kushoto, mimi wa katikati.

Machi ya mwaka uliofuata Abdi alipata bahasha kutoka Uholanzi, karatasi ya kuchagua bunge la huko. Alitualika kwa utani tuje kumshuhudia Mholanzi anapiga kura jikoni Lozells. Mwalimu alikuja. Miaka ya nyuma angeishika bahasha ile na kuhutubia mpaka chakula cha jioni, kwamba tazameni nchi inayojua watu wake walipo. Siku ile alikaa tu, mikono chini ya meza. Abdi akamwambia, "Mwalimu, si hii ndiyo ulikuwa unataka Kenya ifanye?" Akasema ndiyo. Akasema ni kitu kizuri sana. Abdi alipokunja mkono kufunika anapoweka alama, Mwalimu alisimama akageukia dirishani, ili asione.

Mwaka huo huo Kenya walikuwa na uchaguzi, na kamati yetu ya Wakenya wa hapa ilimfuata Mwalimu aongoze ujumbe kwenda London kudai kituo, hata kama muda umekwisha, ili sauti isikike. Walikuja watatu na maua. Akawakatalia. Hawakuamini, nami niliyekuwa nimeenda kumpelekea uji sikuamini. Waliposhuka ngazi nilimvaa. "Mwalimu, umekesha na jambo hili miaka yote, leo unawaacha?"

"Haki ninayo. Sijasema sina."

"Basi?"

"Naogopa mkono wangu." Akautazama ule wa kushoto. "Nimeshapiga kura moja ambayo mwingine ndiye anailipa. Abdi aliniuliza swali lile ukumbini mbele ya watu, barabara nani atapita, nikamjibu kwa ujanja. Kumbe mwenye kupita alikuwa yeye mwenyewe."

Ujumbe ulikwenda bila yeye, ukapokelewa mapokezi, ukapewa chai, ukarudi. Vijana walisema angekuwepo Mwalimu ubalozi usingethubutu kuwarudisha hivyo. Aliyasikia, na hilo nalo likamwingia. Alikuwa amekosa kwa kupiga, sasa amekosa kwa kutopiga, na hakuwa na wa kumwambia zaidi yangu. Mimi nilikuwa mtu mbaya wa kuambiwa, kwa sababu kila akisema, moyoni nilijijibu: blanketi.

Mara ya mwisho nilipokwenda naye kwenye kura ilikuwa Mei, karibu miaka mitatu tangu ile kura ya kutoka, ule uchaguzi wa bunge la Ulaya ambao Uingereza iliufanya huku inafunga mizigo. Ramadhani tena. Safari hii watu wa Ulaya nao waliruhusiwa, kwa sharti: wajaze tamko mapema kwamba kura yao wataipigia hapa, si kwao. Mwalimu alifufuka. Alimgongea Abdi mapema kabisa, akamsimamia mpaka tamko likatumwa. Siku ilipofika alitupitia wote wawili baada ya kazi. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu tangu saa nane, namngoja.

Tulitembea watatu, wawili tumefunga na yeye naye hakunywa hata maji kwa ajili yetu. Mlangoni akasema, "Mholanzi atangulie." Abdi akataja jina na anuani. Karani akapitisha rula, akasimama, akamwita mwenzake. Jina lipo, wakasema, lakini lina alama kwamba uchaguzi huu haumhusu. Tamko halikufika. Abdi akasema alituma. Yule mama akasema anasikitika, na kweli alikuwa anasikitika, tangu asubuhi wamekuja wengi wa namna hiyo. Abdi akasema sawa, akasogea pembeni apishe foleni.

Sasa ilikuwa zamu ya Mwalimu. Pasipoti ilikuwa tayari mkononi. Hakuiweka mezani. Alitoka kwenye mstari, akamshika Abdi kiwiko, akamvuta mpaka nje getini, nami nyuma yao.

"Niambie niweke wapi," akasema.

"Nini?"

"Jina langu lipo. Niambie unataka nani, naingia naweka huyo huyo. Yako. Nitaweka yako."

Abdi akamtazama. "Na siri?"

"Siri imenishinda." Hakumwachia kiwiko. "Abdi, ile mara ya kwanza, mimi…"

"Mwalimu. Nani anatoa pipa langu?"

Mwalimu akaachia kiwiko.

"Hodan ndiye alisema kwanza. Alisema huyu mzee kuna kitu kimemkaa. Mimi nikakataa. Halafu nikakuja kutengeneza ile mashine." Abdi akacheka kidogo, si kicheko cha utani. "Soksi haiingii pale yenyewe, Mzee."

"Ulijua! Na hukuniuliza?"

"Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nangoja useme. Halafu nikazoea kuamka nikute pipa liko nje." Akafuta uso. "Sisi tunaenda. Shule zikifunga tu. Hodan ameshapata nyumba karibu na mamake. Nilikuwa nataka nikwambie baada ya Idi."

Mwalimu alitafuta ukuta kwa mkono, akaupata. Nilitaka kusema kitu, kwamba mimi pia, kwamba nililala, lakini ningesema nini pale, nimpokonye mzee hata hilo? 

"Basi chukua hii," akasema Mwalimu. "Hata kama unaenda. Chukua hii moja."

"Hapana. Yangu sijakupa. Ile ulipiga yako, na hii piga yako." Hakusema kwa ukali. Alimtengenezea kola ya koti iliyokuwa imekunjika. "Nenda, Mzee, foleni inaongezeka."

Tukaingia, mimi naye. Mimi nilipiga yangu nikatoka. Yeye alikaa sana kwenye kile kibanda cha mbao, penseli yao iliyofungwa kamba nilikuwa naisikia inagonga. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwa Abdi, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Abdi akainua kiganja. "Kura ni siri, Mwalimu."

Tukarudi nyumbani. Njiani waliongea mpira. Hodan alileta sahani zake kama kawaida, na Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, na vidole vyake vyote vilikuwa safi.

Asubuhi ilikuwa siku ya taka. Sikusikia magurudumu, nikaamka kuchungulia, nikidhani mzee anaumwa. Mapipa yote matatu yalikuwa tayari ukingoni mwa barabara, la Abdi, langu na la Mwalimu, yamepangwa sawa. Abdi alikuwa ameyatoa baada ya daku. Mwalimu alikuwa amesimama katikati yao na koti lake la suti na kandambili, anatazama huku na huku, mikono haina kazi. Aliponiona dirishani akauliza, "Mtanzania, nani ametoa langu?" Nikamwambia arudi ndani, kuna baridi.